Una shahada ya nyumbani na uko Texas: jinsi ya kuingia darasani bila kurudi chuo

Mwongozo huu ni wa mwenye shahada ya Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi anayeishi Texas kwa kibali halali cha kazi na anataka kufundisha shule ya umma. Huhitaji miaka mingine minne ya chuo. Texas inakuruhusu kusomea ualimu huku umeshaajiriwa na unalipwa mshahara wa mwalimu. Mimi nafundisha hesabu hapa kwa njia hiyohiyo. Wengi ninaowaona wakikwama walianza kwa kulipia programu ya mafunzo ya ualimu, ilhali programu ni hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Shahada ipimwe

Hulazimiki kuwa na shahada ya ualimu. Unahitaji shahada ya kwanza inayolingana na ya chuo cha Marekani kilichoidhinishwa. Transkripti zako, yaani hati za masomo na alama zako za chuo, zipitie shirika la tathmini linalokubaliwa na Texas Education Agency (TEA), idara ya elimu ya jimbo. Agiza ripoti ya somo kwa somo yenye GPA (wastani wa alama zako), usichukue ile fupi ya bei nafuu, kwa sababu programu zitatazama GPA yako (kiwango cha kawaida ni 2.5) na idadi ya masomo uliyosoma katika kila fani. Shahada ya miaka mitatu inahitaji uangalifu: shirika moja linaweza kuihesabu kamili na lingine lisiihesabu. Uliza kabla ya kulipa. Uliza pia kama nchi uliyosomea imo katika orodha ya wasiodaiwa TOEFL, mtihani wa Kiingereza.

Na ili kupata transkripti, mtume ndugu aliyeko nyumbani aende chuoni mwenyewe. Barua pepe peke yake inaweza kukaa miezi bila kujibiwa.

Hatua ya 2: Chagua somo

Hapa tulia, maana somo ndilo litakaloamua shule, mshahara na miaka yako ya kwanza. Hesabu, sayansi na elimu maalumu zina uhaba wa walimu. Masomo ya jamii yana waombaji wengi. Kwa kawaida utakubaliwa katika somo ukiwa na krediti (vipimo vya masomo ya chuo) zisizopungua 12 za fani hiyo, au 15 kwa hesabu na sayansi za madarasa ya juu. Ukipungukiwa, unaweza kufanya mtihani wa somo kabla ya kujiunga. Kwa hiyo mhasibu hafungiwi mlango: cheti cha kufundisha hesabu darasa la 4 hadi la 8 kiko ndani ya uwezo wake.

Kuhusu elimu maalumu nasema wazi: usiingie kwa sababu tu ajira ni nyepesi kupatikana. Kila mtoto ana mpango wake wa kisheria, vikao na wazazi, na makaratasi yasiyoisha. Mtoto huyo anastahili mwalimu aliyemchagua. Kabla ya kuamua, omba kazi ya mwalimu wa kujaza nafasi za wasiokuwapo, au msaidizi wa darasa. Wiki chache ndani ya shule zitakufunza mambo ambayo ripoti yoyote ya tathmini haiwezi.

Hatua ya 3: Sasa programu

Zipo za vyuo, za wilaya za shule, za vituo vya huduma za elimu vya kanda (Houston ni Region 4), na za kampuni binafsi. Angalia kwenye tovuti ya TEA kama programu imeidhinishwa kikamilifu au iko chini ya onyo. Kisha uliza maswali mawili: nalipa kiasi gani kabla ya kuajiriwa, na kiasi gani kitakatwa kwenye mshahara baadaye? Tangazo la ada ndogo ya kuanzia halikuambii gharama yote.

Hatua ya 4: Mtihani wa TExES

TExES ni mitihani ya jimbo ya kupata cheti cha ualimu. Mtihani mmoja una nafasi tano tu kwa jumla, na kati ya jaribio na jaribio unasubiri siku 30. Usiende "kujaribu bahati". Ukifaulu mtihani wa somo, ukamaliza mafunzo ya awali, ukapata kazi na kuchukuliwa alama za vidole, unapewa cheti cha mwaka mmoja cha mwalimu aliye mafunzoni.

Hatua ya 5: Chagua shule kama inavyokuchagua wewe

Kwenye usaili uliza nani atakuwa mwalimu wako mlezi, yaani mwalimu mzoefu wa kukuongoza, anafundisha somo gani, na kama mna kipindi huru kwa wakati mmoja. Mlezi aliye upande mwingine wa jengo, mwenye ratiba isiyolingana na yako, ni jina kwenye karatasi tu. Msimamizi wa programu naye atakuja kukukagua darasani, na ukaguzi rasmi huchukua angalau dakika 45. Taja Kiswahili chako bila aibu: Houston na Abilene kuna watoto wa familia za Kikongo ambao mwalimu wa kwanza kuelewana na mama yao anaweza kuwa wewe.

Hatua ya 6: Mkataba na pensheni

Mkataba wa wilaya unaweza kuuacha bila adhabu hadi siku ya 45 kabla ya masomo kuanza. Baada ya hapo, ukiondoka bila kuruhusiwa, unaweza kuadhibiwa, hata cheti chako kusimamishwa. Shule nyingi za mkataba maalumu, zile za charter (shule za umma zinazojiendesha nje ya wilaya), hazikufungi hivyo, lakini hazikulindi pia.

Wilaya nyingi za Texas hazichangii Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali kuu. Unakatwa asilimia 8.25 kwenda mfuko wa walimu, TRS, na haki ya pensheni huanza baada ya miaka mitano. Ukiondoka kabla, unarudishiwa michango yako na riba ndogo. Kama tayari umechangia Social Security miaka minane kwenye ghala au nyumba ya wazee, piga hesabu: ili kupata pensheni yake inahitajika miaka kumi, na kazi ya likizo ya kiangazi inaweza kuziba pengo. Tangu sheria iliyosainiwa Januari 2025, pensheni ya TRS haipunguzi tena malipo yako ya Social Security, hivyo miaka hiyo miwili ina thamani ya kuitafuta.