Chanjo ya DNA ya TB inatengenezwaje, kwa wanafunzi wa maabara hapa Dodoma

Wadogo zangu wa UDOM na vyuo vingine vya hapa mjini mmeniuliza sana hii ishu, basi naandika, ila sehemu moja nitakaa nayo zaidi maana ndo inaamua kila kitu.

BCG tunayochomwa begani tukiwa wachanga ilianza kutumika 1921, inamkinga mtoto na TB kali kama ile ya ubongo lakini mtu mzima TB ya mapafu bado inampata, ndo maana tunatafuta nyingine. Chanjo ya DNA ni ile unayodunga maelekezo ya protini ya bakteria, yaani jeni yake, badala ya protini yenyewe.

Sasa antijeni, yaani protini gani ya bakteria unataka mwili uijue. Hapa usikurupuke kabisa. Bakteria wa TB anaishi ndani ya seli zile zile zinazotakiwa kummeza, kwahiyo kingamwili za kwenye damu peke yake hazitoshi, unataka seli T (askari wa kinga wanaoshughulika na seli zilizoambukizwa) zinazotoa interferoni gama, kemikali inayoziamsha seli kummaliza bakteria aliye ndani yake, na uzuri wa DNA ni kwamba seli ya mtu aliyechanjwa inaitengeneza hiyo protini yenyewe kwa hiyo seli T zinaamka. Antijeni zinazotumika sana ni protini mbili za bakteria wa TB, Ag85B na ESAT-6, hii ya pili BCG haina, mimi ningeziunganisha zote mbili. Halafu jeni zake zina G na C nyingi, kama asilimia 65, zirekebishe kodoni (herufi tatu tatu za DNA zinazotaja kila kipande cha protini) ziendane na zinazopendwa na seli za binadamu kabla hujaagiza jeni itengenezwe.

Jeni inaingia kwenye plasmidi, yaani duara dogo la DNA, yenye promota ya CMV (swichi ya kuwasha jeni iliyotoka kwa kirusi cha CMV), alama ya kuchagulia bakteria waliobeba plasmidi weka jeni ya ukinzani wa kanamaisini, achana na ampisilini kwasababu kuna watu wana aleji ya penisilini. Ikuze kwenye bakteria E. coli, isafishe, toa endotoksini yote (sumu ya ukuta wa E. coli) maana inaamsha kinga yenyewe na itakudanganya. Hakikisha protini inatoka kwenye seli za maabara kwanza, ndo uguse panya.

Kumwambukiza panya TB hai ni kwenye maabara ya usalama ngazi ya 3 tu, sio meza ya kawaida jamani! Vibali vya maadili ni NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), ukifika kwa binadamu na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba).

Kwa panya matokeo mazuri yalishatoka tangu 1996, kwa watu kinga inakuwa hafifu, ndo maana wengine wanasukuma DNA kwa mshtuko mdogo wa umeme. India 2021 waliruhusu chanjo ya DNA ya Covid, ya TB bado.

Kwenye makundi ya panya weka la plasmidi tupu (isiyo na jeni ya TB), la BCG peke yake, la DNA peke yake na la BCG kisha DNA, hili la mwisho usiliache maana watu wengi wa Kongwa na Chamwino wameshachanjwa BCG tangu wachanga, chanjo yako itawakuta hivyo.