Jeki, stendi na kutu: kuinua gari la michezo la zamani uani kwako Mombasa

Jeki ni ya kuinua; ya kushika ni stendi. Hilo kila fundi atakwambia. Lisilosemwa sana ni kwamba kwa gari la michezo la miaka ya 60 au 70 lililokaa Mombasa, kinachoachia mara nyingi si jeki bali chuma kilichowekewa jeki. Magari kama MGB ya Uingereza na Datsun 240Z ya Japani hayana chesisi ya kando. Bodi yenyewe ndiyo mfupa, na hewa ya chumvi ya Nyali au Likoni huula mfupa huo kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ndiyo, lakini ugumu ule ulikuwa wa chuma kizima.

Kwa hiyo anza na bisibisi pana na nyundo ndogo, gari likiwa bado chini. Gonga ukingo wa chini ya milango kutoka mbele hadi nyuma, kila baada ya sentimita tano. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti bubu, na palipojazwa pati husikika kama ubao. Kisha sukuma ncha ya bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama, au ile rangi nyeusi ya lami inayopakwa chini ya gari ikabanduka na unga wa kahawia, usiweke jeki wala stendi hapo, wala sentimita kumi kando yake. Lami mpya inayong'aa chini ya gari lililonunuliwa juzi ndiyo ya kushukiwa kuliko zote.

Jeki ya mbele iwekwe katikati ya krosimemba, ule mhimili mnene wa chuma unaobeba sospenshini. Nyuma, weka chini ya difu, lile bonge la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Usiguse sampu (bakuli la oili chini ya injini), giaboksi wala bati la sakafu. Zile reli nyembamba zinazopita chini ya sakafu ya 240Z zinaonekana kama chesisi, lakini hubonyea kirahisi. Ukikuta zimebonyea, jua kuna mtu alishakosea kabla yako. Katikati ya chuma na sahani ya jeki weka kipande cha tairi kuukuu ili kisiteleze.

Sasa sakafu. Hapa ndipo ajali nyingi za uani zinapozaliwa. Mkono wa jeki ya magurudumu haupandi wima, unapanda kwa kuzunguka, kwa hiyo lazima jeki yenyewe itambae chini ya gari kadiri gari linavyopanda. Kwenye kabro, vigurudumu vyake vidogo hunasa katika nafasi za kati ya matofali; jeki ikikataa kutambaa, sahani ndiyo itakayohama. Kwenye mchanga vigurudumu huzama, matokeo ni yale yale. Lami nayo hulainika kwa jua la mchana, na miguu ya stendi huingia taratibu bila wewe kuona. Dawa ni plaiwudi ya milimita 18, kipande kipana cha kutosha jeki itembee sentimita 30 bila kufika ukingoni, na vingine vya kuweka chini ya kila stendi. Plaiwudi ya baharini ni ghali kidogo, lakini ile ya kawaida ikinyeshewa masika moja hufumuka. Kama uani kuna mteremko, hata mdogo, hamisha gari. Hakuna kabari inayoponya mteremko.

Jeki ya tani mbili inatosha, kwani magari haya yana uzito wa takriban tani moja. Cha kuangalia zaidi ni kimo chake cha chini: ikizidi sentimita kumi haitapita chini ya bampa. Ikikwama, pandisha kwanza magurudumu ya mbele juu ya mbao mbili pana za unene wa sentimita nne. Jeki ya chupa iache kwa malori: ni ndefu, kitako chake ni chembamba, na kichwa chake hakishiki kitu. Stendi ziwe nne, na usome kama uzito ulioandikwa ni wa moja au wa jozi. Zenye pini ya chuma inayopenya tundu huaminika kuliko zenye meno matupu. Mwaka 2020 kampuni moja ya Marekani iliziita stendi zake zirudishwe kwa sababu meno yalikuwa hayashiki sawasawa. Matofali ya simiti na mawe ya matumbawe hayafai kabisa: hayapindi kwanza yakakuonya, hupasuka mara moja. Boriti ya mkoko ni ngumu, lakini ni mviringo.

Kabla ya kuinua, legeza nati za magurudumu nusu mzunguko, kwa sababu kuzivuta gari likiwa juu ni kulisukuma lianguke. Kumbuka pia kwamba breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, hiyo breki haina kazi tena, na gia nayo haikusaidii. Hata ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, gia haitashika: lile lililo hewani litazunguka na lililo chini litaachia. Kabari mbili kwa kila gurudumu linalobaki chini, mbele na nyuma yake.

Anza mbele. Fungua mlango wa dereva, tazama nafasi kati ya ukingo wake wa nyuma na bodi, ufunge. Pampu jeki mpaka magurudumu yanyanyuke kidogo, kisha ujaribu mlango tena. Nafasi ikiwa imebana kwa juu, au mlango ukigoma kufunga, shusha: bodi inajikunja, na gari linahitaji fundi wa kuchomelea kabla ya fundi wa breki. Kwa gari lisilo na paa jaribio hili halirukwi.

Mlango ukiwa sawa, weka stendi mbili chini ya reli nene za bodi, karibu na krosimemba, kwenye kimo cha chini. Fungua valvu ya jeki robo mzunguko tu, gari likae polepole. Nenda nyuma. Kwa MGB stendi hukaa chini ya ekseli, karibu na springi. Angalia tu usibane ile paipu nyembamba ya breki iliyolala juu yake. Kwa 240Z tumia sehemu ya jeki ya kiwandani mbele ya tairi la nyuma, kama imefaulu mtihani wa bisibisi. Ukitaka kimo zaidi, panda kwa zamu, tundu moja mbele, tundu moja nyuma. Ukiinua upande mmoja kwa pupa, gari huinama na stendi za upande wa pili husimama kwa miguu miwili.

Kagua miguu yote kumi na sita. Halafu simama kando, shika bodi usawa wa kiuno, ulitikise gari kwa nguvu mbele na nyuma, kulia na kushoto. Kama litaanguka, lianguke sasa. Rudisha jeki igusane na krosimemba bila kubeba uzito, na kama umetoa gurudumu, lilaze chini ya ukingo wa mlango, gari likianguka likae juu yake. Mpe mtu kazi ya kuwa karibu na kuwazuia watoto.

Jeki inayoshuka yenyewe ina sili zilizokwisha, yaani zile raba za ndani zinazozuia mafuta yasipenye. Ipime ikiwa na mzigo: chukua kimo kwa rula, subiri dakika kumi, pima tena. Ndani yake weka mafuta ya haidroliki ya jeki, kamwe si ya breki, kwani hayo huharibu sili. Ihifadhi ikiwa imeshushwa kabisa ili chumvi isiule ule mti wa pistoni.

Wakati wa kushusha, inua kidogo kwanza, toa stendi, ndipo ufungue valvu. Kaza nati kwa kuvuka, moja hadi ya mkabala, magurudumu yakiwa chini, na uzikague tena baada ya kilomita 50.