Jinsi ya Kuisoma Safari ya Israeli na Kuishi kwa Majira Yake

Anza na sura ambayo wengi wetu huiruka, yaani Hesabu 33 katika Biblia. Humo Musa ameorodhesha vituo zaidi ya 40, kuanzia Ramesesi huko Misri hadi nchi tambarare za Moabu, na vingi kati ya hivyo, kama Rithma, Libna na Risa, havina kisa chochote: watu walipiga kambi, kisha wakang'oa kambi. Isome sura hiyo kwa sauti, polepole, ukiwa na daftari, halafu uandike vituo vya maisha yako mwenyewe kwa mtindo uleule, bila kupamba na bila kuruka ile miaka ambayo unadhani hapakutokea lolote. Ukifika Mara, penye maji machungu, angalia kuwa kituo kinachofuata ni Elimu, penye chemchemi 12 na mitende 70. Lakini usifanye haraka kujiambia kwamba baada ya kila uchungu kuna Elimu, kwa sababu baada ya Elimu hiyo lilikuja Jangwa la Sini na njaa.

Tahadhari nyingine ni kuhusu umbali. Kumbukumbu la Torati 1:2 inasema kwamba kutoka Horebu, mlima uitwao pia Sinai, hadi Kadesh-barnea ni mwendo wa siku 11, na huko Kadeshi ndiko taifa lilipokataa kuingia nchi waliyoahidiwa, likahukumiwa miaka 40 jangwani, mwaka mmoja kwa kila siku ambayo wapelelezi 12 waliipeleleza. Hata hivyo, si kila mzunguko ulikuwa adhabu. Kutoka 13:17 inaeleza kuwa Mungu mwenyewe aliwaepusha na njia ya nchi ya Wafilisti, ingawa ilikuwa ya karibu, wasije wakaona vita wakarudi Misri. Kwa hiyo, kabla hujamwambia ndugu aliyechelewa katika jambo fulani kwamba amekosa imani, jiulize kama unajua ni mzunguko upi kati ya hiyo miwili alio nao. Mara nyingi hatujui, na ni heri tunyamaze.

Ukishazoea vituo, fungua Kutoka 16 na ukae hapo kwa muda mrefu, maana hapo ndipo safari na majira vinapokutana. Mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia jangwani, iliokotwa asubuhi, pishi moja kwa kila mtu. Aliyejiwekea akiba hadi kesho yake aliikuta imeota mabuu na kunuka. Siku ya sita waliokota pishi mbili kwa kila mtu, wakaoka na kuchemsha, na kilichobaki hakikunuka; siku ya saba wapo waliotoka kwenda kuokota, wasipate kitu. Haya yote yalitokea kabla ya Amri Kumi kutolewa Sinai, kwa hiyo watu hawa waliokuwa watumwa juzi tu walijifunza Sabato kwa chakula cha mikononi mwao kabla hawajaisoma juu ya mawe.

Hivyo, anayetaka kushika siku ya mapumziko aanze siku moja kabla. Amalize kupika, kufua na kujibu ujumbe wa kazi kabla siku hiyo haijaingia, kwa kuwa pumziko lisiloandaliwa huliwa na viporo vya kazi. Kumbukumbu la Torati 5:14 inadai pia kwamba mtumishi apumzike sawasawa na bwana wake, na hapa ndipo wacha Mungu wengi tunapojikwaa: tunaimba sebuleni huku msaidizi wa nyumbani akisugua sufuria jikoni. Mpe naye siku kamili, bila kumkata ujira. Kuhusu siku yenyewe, Wakristo hawajakubaliana kama ni Jumamosi au Jumapili, na Wakolosai 2:16 inakataza kuhukumiana kwa jambo hilo.

Sikukuu za mwaka zimepangwa katika Mambo ya Walawi 23. Huna haja ya kuziiga zote. Chukua kila moja kama swali lililo na tarehe. Pasaka, tarehe 14 ya mwezi wa kwanza, inauliza ulitolewa wapi. Majuma, yaani Pentekoste, siku ya 50 baada ya kutoa mganda wa malimbuko, yaani mazao ya kwanza, inauliza umempa Mungu nini katika mavuno, na aya ya 22 inaongeza swali la pembe za shamba zilizoachwa kwa maskini na mgeni. Siku ya Upatanisho, tarehe 10 ya mwezi wa saba, inauliza ni nani hujapatana naye. Siku 5 baadaye huja Vibanda, ambapo watu wenye nyumba hulala siku 7 chini ya matawi, wakikumbuka kwamba baba zao hawakuwa na nyumba. Andika majibu yako katika daftari lilelile lenye vituo, kila mwaka chini ya mwaka uliotangulia.

Malizia kwa Yoshua 5:10-12. Huko Gilgali, wakiwa wameshaingia nchi waliyoahidiwa, walifanya Pasaka, kesho yake wakala mazao ya nchi, na siku iliyofuata mana ikakoma. Tafuta katika daftari lako riziki ambayo Mungu alikupa kwa muda kisha akaisimamisha, na uandike pembeni ulianza kula nini baada yake.