Diski ya nje ikigoma: nakili kwanza, tengeneza baadaye

Dada yangu aliniletea diski ya nje yenye picha za wanawe. Kila akiichomeka, Windows inamwambia aifomati. Hakukubali, na hapo alinishinda akili. Mimi diski yangu ilipoanza kusuasua miaka ya nyuma, nilikimbilia chkdsk /f, amri ya Windows ya kurekebisha makosa ya diski. Ilikesha ikihangaika, na asubuhi nikakuta folda ya found.000 imejaa faili za .chk zisizo na majina. Tangu siku hiyo siruhusu programu yoyote iandike kitu kwenye diski mgonjwa kabla sijainakili.

Hatua ya 1: Waya na umeme

Ichomeke kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye habu. Kwa kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma. Badilisha waya hata kama unaonekana mzima, kwa sababu waya mbovu hauna alama usoni.

Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900, na diski ndogo ya inchi 2.5 hudai umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka. Ukisikia inajaribu kuzunguka, inanyamaza, kisha inaanza upya, huenda ina njaa tu. Ile kubwa ya inchi 3.5 ina adapta yake ya volti 12. Usiiazimie adapta ya kifaa kingine eti kwa kuwa pini imeingia.

Ikiwa inagonga, ka-ka-ka kwa mpigo uleule, hata baada ya kupewa waya na tundu zuri, ichomoe na usiichomeke tena. Vichwa vya kusomea vinahangaika, na vinaweza kuchuna sahani zenye data. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kuokoa data. Ushauri wa kuiweka kwenye friza upuuze.

Na usikimbilie kufungua kasha. Diski nyingine zina tundu la USB kwenye bodi yao wenyewe, kwa hiyo hutapata pa kuchomeka waya wa SATA, ule wa kuunganisha diski ndani ya kompyuta. Nyingine, bodi ya kasha ndiyo inayosimba data hata kama hukuwahi kuweka nywila. Ukiitenganisha utasoma takataka tupu.

Hatua ya 2: Kompyuta inaona nini?

Bonyeza Windows pamoja na X, chagua Disk Management. Kama diski ipo, ukubwa wake ni sahihi, mfumo wa faili (mpangilio wa kuhifadhi faili) ni NTFS au exFAT lakini haina herufi kama D: au E:, ipe herufi na shughuli imeisha. Ikiandika RAW, yaani Windows haiutambui mfumo wa faili, data ina nafasi kubwa ya kuwepo bado. Endelea hatua ya 3. Ikikuomba uinitialize, yaani uiandae upya kama diski mpya, kataa. Ikiandika No Media au isionyeshe ukubwa wowote, tatizo liko kwenye bodi au ndani ya diski, na programu haitakusaidia.

Hatua ya 3: Afya

Mimi hutumia CrystalDiskInfo, programu inayosoma kumbukumbu za afya za diski yenyewe. Tazama mistari ya 05, C5 na C6. 05 ni sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) mbovu ambazo diski imeshazibadilisha kwa za akiba. C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanye nini. C6 ni zile zilizoshindikana kabisa. Tarakimu za safu ya mwisho huandikwa kwa heksa, hesabu ya msingi wa 16: ya dada ilionyesha 38, yaani sekta 56. C5 ikizidi sifuri, mimi huitendea diski kama mgonjwa mahututi.

Hatua ya 4: Kunakili

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima, kwa hiyo vumilia maelezo.

Kuburuta mafolda kwa kipanya hakufai. Windows ikikutana na sekta mbovu inaing'ang'ania mpaka dirisha linaganda, na diski inazidi kuchoka. Ninachotumia ni GNU ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kutoka Linux iliyowashwa kwa flashi. Yenyewe huchota kwanza sehemu rahisi, inaruka penye shida, kisha inarudi baadaye.

Andaa diski nyingine iliyo nzima, yaani isiyo na ubovu, yenye nafasi wazi inayozidi ukubwa wote wa ile mgonjwa. Diski ya terabaiti 1 yenye picha za gigabaiti 80 bado inahitaji terabaiti 1, kwani unanakili kila sekta. Mfumo wake wa faili usiwe FAT32, ambayo haipokei faili ya zaidi ya gigabaiti 4. Ingia kwenye folda ya diski nzima kwa terminali, kisha:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb picha.img ramani.map

Jina sdb, ambalo Linux huipa diski mgonjwa, ni mfano. Andika kwanza lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL ikuorodheshee diski zote, ulinganishe namba na kibandiko cha diski. Irudie kila unapochomoa na kuchomeka, kwa sababu iliyokuwa sdb inaweza kurudi ikiwa sdd. Kinachosomwa hutangulia, kinachoandikwa hufuata: picha.img ndiyo nakala ya diski yote katika faili moja, na ndiyo ninayoiita picha hapa chini.

Sasa ile ramani.map. Ndiyo kumbukumbu ya ddrescue: wapi imesoma, wapi imeshindwa. Ukiwa nayo unaweza kusimamisha kazi kwa Ctrl+C, ukalala, ukaendelea kesho kwa amri ileile. Mimi niliiweka kwenye Desktop ya Linux ya flashi. Desktop hiyo inaishi kwenye RAM! Kompyuta ilipojizima, picha ilibaki lakini ramani ikayeyuka, na ddrescue haikujua tena ilipofikia. Nikaanza upya na diski iliyokuwa imechoka zaidi. Ramani ikae kando ya picha, kwenye diski nzima.

Pia zima usingizi wa kompyuta kabla hujaondoka. Kasi ikishuka hadi kilobaiti chache kwa sekunde, usiingilie. Iko kwenye eneo baya. Diski ikitoweka kabisa, simamisha, ichomoe ipoe, kisha endelea.

Awamu ya kwanza ikiisha, rudia sekta zilizobaki:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb picha.img ramani.map

Usizidishe hiyo 3. Nimeona watu wakiweka 50 na kuimaliza diski kwa ajili ya sekta chache.

Hatua ya 5: Kutoa faili

Iweke diski mgonjwa kabatini. Fungua picha kwa TestDisk, programu ya kuokoa faili, kwa amri ya testdisk picha.img; mara nyingi mafolda hutokea na majina yake. Ikishindikana, tumia PhotoRec, inayotafuta faili moja moja ndani ya picha hiyo, ila itakurudishia faili bila majina ya awali.

Hatua ya 6: Ile diski yenyewe

Sasa ndiyo ruhusa ya kujaribu chkdsk au kuifomati. Ukifomati, ondoa tiki ya Quick Format ili sekta zote ziandikwe, halafu tazama 05 na C5 tena. Zikipanda, itupe. Ya dada nilimrudishia ikiwa na kibandiko cha "usiitumie", na picha zake zikiwa kwenye diski mbili tofauti.