Mama, "yote" ni nini?

Kwa miaka mingi sala yangu ya usiku ilikuwa moja: "Asante Bwana kwa yote, amina." Hapo shuka lishavutwa hadi kidevuni. Siku moja mwanangu wa mwisho, ambaye nilidhani kalala, akauliza gizani, "Mama, yote ni nini?" Nikakosa la kumjibu. Kesho yake nikaweka daftari kando ya kitanda.

Nawe, mpendwa, anza na daftari. Kila usiku andika mstari mmoja, usizidishe, maana ukianza na ukurasa mzima hutamaliza wiki. Usiandike "asante kwa uzima." Andika jambo la leo, lile ambalo jana halikuwapo. Wangu wa juzi unasema: "Homa ya mtoto imeshuka kabla ya jua kuchwa. Jirani kabisha hodi mara mbili kuuliza hali." Ukikosa la kuandika, irudie siku yako tangu ulipofumbua macho, saa kwa saa. Mara nyingi utakachokikuta ni mtu. Basi asubuhi mtafute umwambie.

Wale wenye ukoma wa Luka 17 walikuwa kumi, na wote walitakasika wakiwa njiani. Aliyerudi kumshukuru Yesu ni mmoja, tena Msamaria. Zamani niliwalaumu sana wale tisa. Siku hizi nawaelewa: waliambiwa waende kwa makuhani, wakaenda. Haraka yao ilikuwa halali kabisa, na haraka ya namna hiyo ndiyo inayonisahaulisha mimi pia.

Siku za msiba zina utaratibu wake. Paulo anaposema "shukuruni kwa kila jambo" (1 Wathesalonike 5:18), Kigiriki chake ni "en panti", yaani katika kila jambo. Juma tulilomzika baba sikumshukuru Mungu kwa kifo, wala sikujilazimisha. Niliandika "Nimelia," nikaweka nukta. Usiku wa tatu nikaongeza: "Kuna mtu ameosha vyombo vyote bila kuulizwa." Kama huna hata hilo, soma Zaburi ya 88. Inaishia gizani, na bado ni sala.

Sasa uaminifu, maana hapa ndipo nilipoumbuka. Mimi nilikuwa bingwa wa "nitakuombea." Nikitoka ibadani nishawaahidi watu watano, nikifika nyumbani sikumbuki hata mmoja. Halafu dada mmoja akanishika mkono akilia: "Asante kwa maombi yako, upasuaji umekwenda salama." Sikuwa nimemwombea hata neno moja. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimweleza ukweli pale pale, na nashukuru alicheka. Tangu hapo, mtu akiniomba maombi namwombea tukiwa tumesimama hapo hapo, au kabla simu haijakatwa. Sentensi mbili zinatosha. Kama mahali hapafai, sema "pole" na usiahidi kitu. Yesu alisema aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia, na mimi sioni dogo kuliko ahadi inayotoka mdomoni bila kufikiri.

Kuhusu saa za kuomba sina mengi. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, na amri ya mfalme ya kukataza kumwomba Mungu ilipotoka akaendelea "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo." Hakuanza siku ya hatari. Funga sala yako kwenye kitu unachokifanya tayari kila siku. Yangu ya mchana nimeifunga kwenye kunawa mikono.

Mwisho wa mwezi yasome ya nyuma kwa sauti, na nyumba nzima isikie. Mistari mingine hutaielewa tena. Mwezi uliopita nilikuta: "Asante kwa ule ufunguo." Ufunguo gani, sikumbuki. Mwanangu anaapa kwamba ni yeye aliyeuokota.