Somo: Kutembea peke yako nyanda za juu, na jinsi ya kupanga saa ya kugeuka

Mkiwa wawili, mmoja akichoka atasema "turudi". Ukiwa peke yako hakuna wa kulitamka, na kilele kikishaonekana kila mtu hujiambia "bado kidogo tu". Neno hilo la "turudi" liandike nyumbani, akili ikiwa imetulia.

Hatua ya 1: Pima njia. Kwenye ramani ya skeli 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Laza uzi juu ya njia ukifuata kila kona, kisha unyooshe kwenye rula. Ongeza sehemu moja ya kumi, maana ramani hunyoosha vikona vidogo ambavyo miguu itavipita vyote. Halafu hesabu mistari ya kontua (ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) unayoikata ukipanda. Ikiwa kati ya mstari na mstari ni mita 20, mistari 45 ni mita 900. Wengi hukosea hapa: hutoa mwinuko wa mwanzo kwenye ule wa kilele, wakasahau mabonde ya katikati, ambayo utashuka na kuyapanda upya.

Hatua ya 2: Geuza umbali kuwa saa. Tumia kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892. Kwa vipimo vya leo ni saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Haihesabu mapumziko wala matope, kwa hiyo ongeza robo.

Mfano: kilomita 9 kwenda kileleni, mita 900 za kupanda, unarudi njia ileile. Kwenda: saa 1 dakika 48, jumlisha saa 1 na nusu, ongeza robo: saa 4 na dakika 7 hivi. Kurudi: saa 1 dakika 48 na robo yake: saa 2 na robo. Jua likizama saa 12 jioni, panga kumaliza saa 10 alasiri. Basi saa ya kugeuka ni 7:45 mchana, na mwisho wa kuondoka ni saa 3:35 asubuhi. Saa 7:45 ikifika, geuka hata kama kilele kiko mita 200 mbele. Yale masaa mawili ya akiba ni ya kifundo kilichoteguka, si ya kupigia picha.

Hatua ya 3: Acha karatasi kwa mtu. Andika njia, saa ya kumaliza, rangi ya koti lako, na saa ambayo asipokusikia aite waokoaji. Ukibadili njia bila kumwambia, watatafuta bonde ambalo hukupita.

Hatua ya 4: Miguu. Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Soksi za pamba ziache: hushika jasho, ngozi hulainika, kisha huchubuka. Mahali pakianza kuwaka, simama hapohapo, kausha, bandika plasta. Pembe za plasta zikate ziwe mviringo, maana pembe kali hunaswa na soksi na kubanduka. Kabla ya kuanza mteremko, kaza kamba za viatu kwenye kifundo, la sivyo vidole vitagonga mbele na kucha zitakuwa nyeusi.

Hatua ya 5: Mzigo. Usizidi moja ya tano ya uzito wako. Vizito vikae karibu na mgongo, koti la mvua juu kabisa. Funga kwanza mkanda wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, ndipo ukaze mikanda ya mabegani. Nguo ya joto ya ziada ni lazima: kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kila mita 1,000 unazopanda, na huo ni kabla ya upepo. Filimbi, tochi ya kichwani na dira havina mjadala.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, simu yangu ina ramani na GPS. Ramani ya karatasi ya nini tena?*
Baridi hudhoofisha betri, na skrini yenye maji haisikii kidole. Weka simu hali ya ndegeni (GPS hupokea tu, kwa kawaida itaendelea kufanya kazi) na uitunze mfuko wa ndani.

*Ukungu ukishuka ghafla?*
Simama, vaa nguo ya joto kwanza. Tafuta kwenye ramani mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo, kisha fuata dira huku ukihesabu hatua. Wengi hutumia hatua 60 hadi 70 za mguu mmoja kwa mita 100 za tambarare, zaidi mlimani. Pima zako kabla ya safari.

*Nikiumia nipulize vipi filimbi?*
Ishara ya milima ya Ulaya ni mara 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, rudia. Jibu ni mara 3. Usiache ukijibiwa; sauti yako ndiyo inayowaongoza.

*Na mto umejaa, daraja hakuna?*
Peke yako, maji yakipita goti usivuke. Yakiwa chini ya hapo lakini yana kasi, fungua mkanda wa kiunoni ili begi lisikuzamishe, elekea mkondo unakotoka, fimbo mbele, sogea pembeni hatua mojamoja. Huoni sakafu ya mto? Rudi.