Mwanafunzi wa umeme aliyepoa: anzia kwenye taa moja

Kijana aliyeletwa chuo cha ufundi na mzazi baada ya kukosa nafasi ya kidato cha tano huanza kozi ya umeme wa majumbani huku roho iko kwingine. Hotuba za kujiajiri hazimrudishi. Kinachomrudisha ni taa aliyoiunga mwenyewe ikawaka, tena wiki ya kwanza, si baada ya mwezi wa kunakili kanuni ya Ohm ubaoni.

Mwalimu, wapange watatu kwa ubao mmoja wa mazoezi. Wakiwa wanane, wawili watafunga na sita watatazama. Hao sita ndio baadaye tunaowaita wavivu. Mmoja afunge, wa pili asome mchoro, wa tatu ashike mita, na wabadilishane kila zoezi likiisha. Simamia zamu mwenyewe. Ukiwaachia, msichana ataishia kuwa karani wa kikundi muhula mzima.

Zoezi la kwanza: plaiwudi ya sentimita 60 kwa 60, holda moja, swichi moja, waya wa 1.5 mm². Kabla ya umeme, watoe balbu na kupima kwa mita iliyowekwa kwenye mlio kati ya laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha), swichi ikiwa imewashwa kisha ikiwa imezimwa. Mita ikilia, kuna shoti. Wewe ukague mwisho, na chanzo kipitie kikata umeme cha 30 mA (RCD, kinachokata umeme ukivuja). Kosa la kawaida ni kuweka swichi kwenye nyutro: taa itazimika vizuri tu, lakini holda bado ina umeme. Usimwambie aliyekosea, mpe testa aiguse holda kwa hiyo testa mwenyewe, wewe ukiwa pembeni.

Zoezi la pili ni taa ya ngazi yenye swichi mbili. Hapa ndipo wengi hunogewa. Kila swichi ina vituo vitatu: COM (cha pamoja), L1 na L2. Laini iingie COM ya swichi ya kwanza, L1 iende L1, L2 iende L2, kisha COM ya pili iende kwenye taa. Aliyechanganya COM na L1 kwenye swichi moja ataona taa inatii tu swichi nyingine ikiwa upande fulani. Muache ahangaike dakika 15 na mchoro. Zikipita, mwulize swali moja tu: “Umeme unaingilia wapi?” Ukishika bisibisi wewe, umemnyang'anya zoezi.

Kwenye tathmini andika “anaweza” au “bado”, na pembeni taja kilichobaki, mfano “skrubu ya soketi imelegea”. Alama 43 haimwambii arekebishe nini.

Wiki ya nne wape ramani ya chumba kimoja na sebule, waorodheshe vifaa, waulize bei dukani na kukadiria gharama ya ufundi. Watakaosahau kisanduku cha maungio au mita za waya zinazopanda ukutani watagundua hasara iko wapi.

Bado kuna anayekosa vipindi? Muulize faraghani kuhusu nauli na chakula cha mchana kabla hujagusa suala la nidhamu.